Chardonnay ya nchi za baridi ikifika pwani: dalili, sababu na la kufanya

Mwongozo huu ni wa wahudumu, watunza stoo na wenye nyumba za wageni wa Tanga, Pangani na Bagamoyo wanaopokea Chardonnay, mvinyo mweupe wa zabibu, kutoka mashamba madogo ya familia yaliyo kwenye maeneo ya baridi: Elgin na Hemel-en-Aarde huko Afrika Kusini, Chablis huko Ufaransa, na mengine ya aina hiyo. Umepangwa kwa dalili, yaani kile anacholalamikia mgeni au anachokiona mtunza stoo. Chini ya kila dalili sababu zimeanzia ile inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra.

Wengi wanaoshika chupa hizi huku pwani hawanywi, na hakuna haja ya kuonja. Vipimo vyote vilivyomo humu vinafanyika kwa macho, pua, mkono na kipimajoto.

Mvinyo huu una tabia zake. Mahali pa baridi zabibu hukomaa polepole na hubaki na asidi nyingi. Rangi yake huwa hafifu, kilevi mara nyingi ni asilimia 12 hadi 13, na ukali wake uko karibu na limau kuliko embe. Familia inayotengeneza chupa chache mara nyingi haichuji sana, wala haiupozi mvinyo kwa wiki nzima kabla ya kuutia kwenye chupa kama wafanyavyo wenye viwanda vikubwa. Ndiyo maana mambo kadhaa yanayoonekana kama kasoro si kasoro hata kidogo. Kuna upande wa pili pia: mvinyo wa namna hii hauvumilii joto, na sisi tuko mahali ambapo msimu wa kaskazi kipimajoto cha stoo husoma 31 au 32 hata saa nne za usiku.

Kabla ya kulaumu chupa

Chukua glasi safi nyingine, tupu, uinuse. Malalamiko mengi ya "mvinyo unanuka" ni ya glasi. Glasi iliyofutwa kwa kitambaa kibichi hushika harufu ya kitambaa. Glasi iliyofunikwa mdomo chini juu ya rafu ya mbao hushika harufu ya mbao na vumbi, na hewa yetu yenye unyevu huizidisha. Suuza glasi kwa maji ya moto bila sabuni, iache ikauke ikiwa imening'inia au imesimama wima, kisha mimina upya.

Halafu pima joto la mvinyo wenyewe ndani ya glasi, maana joto la friji halikwambii lolote kuhusu kilichomo kwenye glasi. Chini ya nyuzi 6 harufu inajificha. Juu ya 15 kilevi kinapanda puani na kila kasoro ndogo inakuwa kubwa. Mvinyo huu unataka nyuzi 9 hadi 12. Ukiumimina ukiwa na 8 au 9, mezani kwenye upepo wa bahari utafika 12 kabla mgeni hajamaliza glasi.

Ukishamaliza haya mawili ndipo uendelee na dalili.

Dalili ya 1: Kuna vipande vinavyong'aa chini ya chupa au kwenye kizibo

Mgeni atasema kuna vioo. Mtunza stoo atasema kuna sukari au chumvi.

Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndiyo, ni fuwele za asidi ya tartariki iliyoungana na potasiamu. Ni asidi ileile inayofanya ukwaju uwe ukwaju. Mvinyo wa nchi za baridi una nyingi, na chupa ikikaa siku kadhaa kwenye friji ya nyuzi 3 au 4, asidi hiyo hujitenga na kuzama. Haina madhara.

Sababu ya pili, ya nadra lakini ya hatari, ni kioo chenyewe: mdomo wa chupa umemeguka kizibuo kilipoteleza, au chupa imepata ufa njiani.

Namna ya kutofautisha, na usitumie ulimi:

Chota vipande viwili vitatu kwa kijiko. Mimina juu yake maji yaliyotoka kuchemka, vijiko vitatu au vinne, ukoroge dakika moja. Fuwele za asidi huyeyuka zikapotea. Kioo kinabaki kama kilivyo. Kisha pitisha mwanga wa tochi kwenye mdomo wa chupa, pande zote, ukitafuta mahali palipomeguka.

Kama ni fuwele, simamisha chupa wima saa kadhaa, mimina taratibu, na acha kidole kimoja cha mvinyo chini. Kama mdomo umemeguka, hata kidogo, au kipande kimoja tu hakikuyeyuka, mwaga chupa yote. Kuchuja kwa kitambaa au kichujio cha chai hakutoshi, kwa sababu chembe ndogo za kioo hupita.

Dalili ya 2: Mvinyo "hauna ladha"

Umepoa mno. Friji ya jikoni iko kwenye nyuzi 3 hadi 5, na wahudumu wetu, kwa nia njema kabisa, huongeza ndoo ya barafu juu yake. Toa chupa kwenye friji dakika 15 hadi 20 kabla ya kumimina, usiirudishe kwenye barafu hadi joto livuke 12. Hewa yetu hupasha chupa haraka kwa kuwa unyevu unaoganda juu ya kioo nao huleta joto, hivyo ushauri wa "saa nzima nje ya friji" unaoandikwa kwa nchi nyingine huku haufai.

Kama ukifika 11 bado haunuki kitu, nenda kwenye dalili ya 6. Kizibo kibovu kikiwa na ugonjwa kidogo hakileti harufu mbaya, kinaua tu harufu nzuri.

Dalili ya 3: "Mkali mno, kama limau"

Hii ni asili yake. Aliyezoea mvinyo mweupe wa Dodoma, ambako jua ni kali na zabibu hukomaa upesi, lazima ataona tofauti. Hakuna cha kurekebisha kwenye chupa, rekebisha chakula. Ukali huo unakaa vizuri na kamba wa kukaanga kwa kitunguu saumu, changu wa kuchoma, au samaki wa nazi ambaye tui lake ni zito. Kwenye achari na pilipili nyingi utagombana.

Ukali wa siki ni kitu kingine, uko kwenye dalili ya 8.

Hapa pia ndipo mahali pa kusema juu ya harufu ya samli. Mgeni akisema mvinyo unanuka siagi, hajakosea, na mvinyo haujaharibika. Bakteria fulani hubadilisha asidi ya tofaa iliyomo kwenye zabibu kuwa asidi ya maziwa mgando, na katika kazi hiyo huacha harufu ya siagi. Mtengenezaji ndiye aliyeruhusu.

Dalili ya 4: Shingo ya chupa inanata, kizibo kimechomoza, lebo ina michirizi

Hii ndiyo dalili inayostahili muda wako mwingi kuliko zote, kwa kuwa inakupa habari za boksi zima na si za chupa moja.

Sababu kwa mfuatano:

Joto la safari au la stoo. Mvinyo ukitoka nyuzi 12 kwenda 35 unatanuka karibu mililita 5 kwa chupa, sawa na kijiko kimoja cha chai. Nafasi iliyopo kati ya mvinyo na kizibo si kubwa kushinda hapo, kwa hiyo kizibo kinasukumwa au mvinyo unapenya pembeni yake. Usiku ukipoa kidogo unanywea, na hewa inaingia kwa njia ileile. Fikiria lori limetoka Dar es Salaam saa tatu asubuhi, limepita Chalinze na Segera, limefika Tanga jioni likiwa limefunikwa turubai. Ndani ya turubai nyuzi 45 si ajabu.

Friza. Mtu aliweka chupa kwenye friza ipoe haraka akaisahau. Mvinyo wa asilimia 12 au 13 huanza kuganda karibu na nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, na friza iko kwenye 18 chini ya sifuri. Barafu inasukuma kizibo, na wakati mwingine inapasua kitako.

Kizibo kilichokauka kwa kuwa chupa ilisimama miezi mingi kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kwenye chumba cha kawaida cha pwani hili halitokei kwa urahisi, unyevu wetu unakilinda.

Mwisho, na ni nadra, mvinyo unachacha upya ndani ya chupa. Angalia dalili ya 7.

Cha kukagua, kuanzia rahisi:

Pitisha kidole gumba juu ya kizibo bila kuondoa karatasi yake. Kiwe sawa na mdomo wa chupa au chini kidogo. Kikiwa kimechomoza hata milimita 2, andika. Inua chupa kwenye mwanga uone mvinyo umeishia wapi shingoni. Chupa changa inatakiwa kuwa na pengo la sentimita 1 hadi 2 tu chini ya kizibo. Panga chupa zote 6 au 12 za boksi kwenye mstari: moja ikiwa imeshuka peke yake, ni kizibo chake. Zikiwa zimeshuka zote kwa viwango tofauti, boksi limepikwa. Ukifungua, angalia kizibo ubavuni. Kama mvinyo umepanda mstari mmoja kutoka chini hadi juu, hewa imepita hapo.

Chupa iliyovuja si lazima iwe imekufa. Fungua moja, linganisha rangi na harufu kwa kufuata dalili ya 5. Ikiwa nzuri, uza boksi hilo kwanza, ndani ya wiki chache. Lisibaki akiba.

Acha kufungua, piga simu kwa aliyekuuzia, kama chupa zaidi ya mbili kwenye boksi moja zimevuja na boksi limefika ndani ya siku chache zilizopita. Kila chupa unayofungua baada ya hapo inapunguza ushahidi wako. Piga picha za boksi likiwa limefungwa, za shingo zikiwa zimepangwa, na za namba ya toleo iliyochapwa kwenye kioo au lebo.

Dalili ya 5: Rangi imekuwa ya dhahabu nzito au ya kahawia, harufu ya tofaa lililokatwa jana

Hewa imeingia. Tofaa likikatwa na kuachwa mezani hugeuka kahawia na kubadili harufu, na mvinyo nao hufanya hivyohivyo. Ikizidi, harufu huwa ya korosho zilizokaa, na matunda hayasikiki tena.

Chupa imekaa wazi. Hii ndiyo ya kwanza kuulizia, na mara nyingi jibu lake linamaliza kesi. Iliyofunguliwa na kurudishiwa kizibo kwenye friji inakaa siku 2 hadi 3. Juu ya kaunta, kwenye joto letu, usiku mmoja unatosha kuiharibu. Kila chupa ya kuuzwa kwa glasi iandikwe tarehe na saa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta shingoni.

Joto la muda mrefu. Kadiri joto linavyopanda, mvinyo huzeeka upesi: kwa kila nyuzi 10, chukulia kasi inakuwa maradufu hivi. Chupa iliyokaa miezi sita kwenye nyuzi 32 imezeeka kama iliyokaa miaka miwili kwenye 12. Angalia mwaka wa mavuno. Mvinyo wa miaka miwili wenye rangi ya chai ya rangi haukupaswa kuwa hivyo.

Kizibo kibovu. Hapo ni chupa moja tu, wenzake wazima.

Mvinyo wa pipa. Chardonnay iliyolala kwenye pipa la mwaloni huwa na rangi ya dhahabu kuliko ile ya tangi la chuma, na hilo si kosa. Ukiwa na shaka, inusa: wa pipa una vanila, mkate uliobanikwa, na tunda bado lipo. Uliopigwa na hewa tunda limeondoka.

Hakuna dawa ya kuurudisha. Jikoni bado unafaa kwa mchuzi wa kamba mradi haujawa siki.

Dalili ya 6: Harufu ya mkeka uliokunjwa ukiwa mbichi, au ya boksi lililonyeshewa

Ukiwa umeshabadilisha glasi na harufu ipo, huu ni ugonjwa wa kizibo. Kemikali inayoitwa trikloroanisoli hutokea pale ukungu unapokutana na klorini kwenye gome la mti wa koki, na pua huisikia hata ikiwa chembe chache mno. Haidhuru mwili. Inaharibu mvinyo tu, na kwenye mvinyo mwepesi kama huu haina pa kujificha.

Mimina kidogo kwenye glasi mbili, moja kutoka chupa hii na moja kutoka chupa nyingine ya boksi lilelile. Ziache dakika 10. Harufu ya glasi inayotokana na kufungwa muda mrefu hutoweka kwa hewa. Ya kizibo haipungui, na mara nyingi inajitokeza zaidi. Kunusa kizibo chenyewe kunapotosha, kwa sababu vizibo vizuri navyo hunuka mti na unyevu.

Hakuna la kufanya zaidi ya kubadilisha chupa. Usibishane na mgeni. "Samahani mzee, chupa hii kizibo kimeiharibu, nakufungulia nyingine" inatosha. Chupa yenyewe usiimwage: irudishie kizibo chake na uirudishe kwa muuzaji ikiwa na mvinyo angalau nusu.

Chupa yenye mfuniko wa kusokota ikinuka hivi, tafuta chanzo stooni. Kuosha rafu za mbao au sakafu yenye maboksi kwa dawa ya klorini, wakati ukungu wa masika upo ukutani, kunaweza kuzalisha harufu hiyohiyo ndani ya stoo. Osha kwa maji moto na sabuni isiyo na klorini, toa maboksi yaliyolowa nje, panga chupa kwenye rafu za chuma au plastiki.

Dalili ya 7: Unachemka, una povu, au una ukungu

Viputo vidogo vinavyoshika ukuta wa glasi kisha vikapotea ndani ya dakika moja mbili ni gesi iliyoachwa na mtengenezaji makusudi ili mvinyo ubaki mchangamfu. Ni ya kawaida hasa kwenye chupa za mfuniko wa kusokota. Zungusha glasi, imekwisha.

Ukungu usio na gesi una sababu mbili. Ya kwanza ni mashapo ya hamira yaliyotikiswa njiani, kwa kuwa mashamba mengi madogo huulaza mvinyo juu ya hamira yake na hayachuji sana. Simamisha chupa siku nzima kwenye friji, utaona imetulia. Ya pili ni joto. Mvinyo una protini kidogo, na zikipata joto hufanya kama ute wa yai kwenye kikaango: hukunjuka, hushikana, huwa nyeupe. Wazalishaji wakubwa huziondoa kwa udongo uitwao bentonaiti, wadogo wengine huacha. Ukungu huo unaweza usitulie hata kwa wiki. Harufu ikiwa nzuri unanyweka, ila umekwambia kuwa boksi lilipata joto, kwa hiyo rudi dalili ya 4 ukague wenzake.

Gesi pamoja na ukungu pamoja na harufu ya hamira au bia: hapo mvinyo unachacha tena. Simama. Usiifungue kama soda. Ifunge kwa taulo nene, ielekeze mbali na uso, iweke kwenye barafu saa mbili kwanza, kisha fungua polepole juu ya sinki. Kama chupa za boksi hilo zimeanza kusukuma vizibo zenyewe, zisibebwe kwa mikono mitupu wala kupandishwa gari. Zipoze mahali zilipo na mwite muuzaji aje.

Dalili ya 8: Harufu ya siki, gundi au rangi ya kucha

Kila mtu wa Tanga anajua safari ya tembo la mnazi: asubuhi tamu, jioni kali, siku ya tatu siki. Mvinyo huenda njia hiyohiyo kwa mwendo wa taratibu, na wanaouvuta ni bakteria wanaohitaji hewa. Hivyo sababu ya kwanza ni chupa iliyokaa wazi au nusu tupu. Ya pili ni vimiminio vya plastiki au chuma vinavyowekwa mdomoni mwa chupa na kuhamishwa kutoka chupa hadi chupa bila kuoshwa. Vichemshe kila usiku. Ya tatu ni vinzi vya matunda. Msimu wa maembe, au stoo ikiwa na magunia ya machungwa ya Muheza, vinzi hivi huingia kila mahali, na kimoja jike kikitumbukia kwenye glasi huacha harufu yake hata ukikitoa. Matunda na mvinyo visikae chumba kimoja.

Chupa mpya, iliyofungwa vizuri, ikinuka siki, ni kosa la shambani. Rudisha.

Dalili ya 9: Kiberiti kilichotoka kuwashwa, au yai viza

Kiberiti chepesi kwenye Chardonnay ya nchi za baridi mara nyingi ni mtindo. Watengenezaji wengine wanautafuta. Yai viza, mpira ulioungua au kabichi ya kuchemsha ni salfa iliyokosa hewa. Mimina mvinyo kwenye jagi, kisha jagi jingine, ukiinua mkono juu kama anayepoza chai, mara nne au tano. Subiri dakika 15. Mara nyingi unasafika. Usitumbukize waya wa shaba wala sarafu, hata kama umesikia inasaidia: huna njia ya kujua shaba kiasi gani imeingia. Ukinuka vilevile baada ya nusu saa, rudisha chupa.

Mgeni mwenye pumu akianza kubanwa kifua au kukohoa baada ya glasi, salfaiti zilizomo kwenye mvinyo zinaweza kuwa chanzo. Hapo usitafute kasoro ya chupa. Apate dawa yake ya kuvuta, na apelekwe hospitali bila kungoja.

Kuondoa chanzo: joto

Baada ya kupitia dalili zote, zaidi ya nusu zinarudi mahali pamoja, na hapo ndipo fedha yako iende.

Safari. Mzigo utoke Dar es Salaam usiku, ufike Tanga kabla jua halijapanda. Bagamoyo ni mwendo mfupi, kilomita 70 hivi, lakini gari lililofungwa na kuegeshwa juani nusu saa hupita nyuzi 50 ndani. Chupa chache zisafiri kwenye deli lenye barafu iliyofungwa kwenye mfuko, lebo zisilowe.

Chumba. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo husaidia kuzuia joto kupanda na kushuka, lakini hazilishushi hadi 14. Feni haipoozi chupa, inapooza mtu kwa kukausha jasho. Na mtungi wa maji, unaofanya kazi nzuri bara, huku hauna nguvu kwa sababu hewa tayari imejaa unyevu. Kwa muda mfupi, chini ya mwezi mmoja, chumba cha ndani chenye giza kinatosha. Zaidi ya hapo unahitaji mashine.

Mashine. Kama jokofu maalumu la mvinyo ni ghali, friza ya mlalo ya kawaida na kidhibiti joto cha nje kinachochomekwa kati ya plagi na ukuta hufanya kazi ileile. Weka 12, tofauti ya nyuzi 2, na uchelewesho wa kompresa usiopungua dakika 3. Kitambuzi chake usikiache kikining'inia hewani: kitumbukize kwenye chupa ya maji iliyo katikati ya chupa nyingine, kisome joto la mvinyo badala ya joto la hewa. Weka ubao chini ili chupa zisiguse maji yanayotuama, na futa unyevu mara moja kwa wiki, vinginevyo lebo zitaota ukungu. Lebo yenye ukungu haiharibu mvinyo, ila haipendezi mezani.

Umeme ukikatika, usifungue kifuniko. Friza iliyojaa chupa 50 au 60 inakaa saa nyingi kabla haijapanda nyuzi chache. Ukirudi, subiri dakika 5 hadi 10 kabla ya kuwasha, au tumia kifaa cha kulinda friji kinachosubiri chenyewe. Kompresa nyingi za pwani hufa dakika ile umeme unaporudi kwa kishindo.

Mwite fundi wa friji, usijaribu mwenyewe, ukiona kompresa inagonga kisha inazima kila dakika chache, ukihisi umeme kwenye mwili wa friza, au bomba likiwa limetoboka kwa kutu ya hewa ya chumvi. Friza nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo inawaka. Ukishuku inavuja, fungua milango na madirisha, usiguse swichi wala plagi, usiwashe jiko karibu.

Kupoza haraka mgeni akiwa ameshakaa: ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, chupa izame hadi shingoni, na konzi ya chumvi. Kutoka nyuzi 30 hadi 10 ni dakika 20 hadi 30. Barafu tupu bila maji ni polepole zaidi, kwani inagusa chupa sehemu chache. Friza usiiguse.

Jambo la mwisho ni chupa yenyewe kuwa halali. Mvinyo ulioingizwa nchini kwa njia sahihi una stempu ya kielektroniki ya TRA. Stempu iliyochanika na kubandikwa upya, mfuniko uliolegea, au lebo iliyopinda kwenye chupa mbili tatu za boksi moja ni dalili ya kujazwa upya. Chupa hiyo isifunguliwe wala kunuswa. Itenge na utoe taarifa kwa ofisi ya TBS au TRA iliyo karibu. Kama mtu ameshakunywa na analalamika macho kuona ukungu, kichwa kuuma vibaya au kutapika kusiko kwa kawaida, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na chupa nayo iende, ikiwa na kilichobaki ndani.